Jumapili ambayo wageni hawakuja Muscat

Ndugu wakinipigia simu kutoka Tanga hadi huku Muscat, mji mkuu wa Oman, swali la kwanza ni mshahara. La pili, tangu Juni 2025, ni mabomu: "Huko uliko si karibu na Iran?" Ni karibu. Kule Khasab, kaskazini kabisa mwa Oman, vijana wa Kiirani huvuka na boti zao ndogo, wakapakia bidhaa na kurudi kwao.

Mimi ni mtunza stoo. Nahesabu magunia ya mchele, kwa hiyo hata mambo ya nyuklia ya Iran nayaelewa kwa kilo. Mazungumzo ya siri ya Marekani na Iran yalifanyika hapahapa Oman, kuanzia 2012, enzi za Sultan Qaboos. Julai 2015 makubaliano yakafikiwa Vienna: Iran ibaki na kilo 300 za urani, mali ghafi ya nyuklia, tena iliyorutubishwa (yaani kuongezwa nguvu) isizidi asilimia 3.67. Desemba hiyo meli ikaondoka na zaidi ya kilo 11,000 kwenda Urusi, na wakaguzi wa IAEA, Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki, wakawa wanaingia kuhesabu. Kwangu mimi, hapo tishio la bomu lilipungua kweli. Mzigo umetoka na hesabu ipo.

Wapo waliolalamika kwamba masharti mengine yalikuwa na tarehe ya kwisha. Hawakukosea. Lakini Trump alipoitoa Marekani kwenye makubaliano Mei 2018, ukomo wenyewe ukakosa maana. Iran ilivumilia mwaka mmoja, kisha ikaanza kupandisha kiwango cha urutubishaji; 2021 ikafika asilimia 60, na bomu linataka kama 90. Kufikia Juni 2025 ilikuwa na zaidi ya kilo 400 za hiyo asilimia 60.

Duru ya sita ya mazungumzo mapya ya Marekani na Iran ilipangwa hapa Muscat, Jumapili Juni 15. Ijumaa iliyotangulia Israel ikaishambulia Iran. Jumapili nikaenda kazini (huku wikiendi ni Ijumaa na Jumamosi), na jioni nikamkuta bibi mwenye nyumba, mzaliwa wa Unguja, kaegemea redio yake. "Wageni hawaji tena, mwanangu."

Juni 22 Marekani ikapiga vituo vya nyuklia vya Iran vya Fordow, Natanz na Isfahan. Siku chache baadaye Iran ikasimamisha ushirikiano na IAEA. Nikamweleza bibi kwamba wanasema mitambo imeteketea. Akaniuliza kile ninachoulizwa kazini kila mwisho wa mwezi:

"Haya, na mzigo wenyewe uko wapi?"