Viporo vya Krismasi na kikombe cha karanga: vitafunwa vya watoto nyumbani Moshi

Tarehe 27 Desemba majiko ya Moshi huwa na chakula kingi kuliko siku nyingine yoyote ya mwaka. Wachagga wa Dar, wa Mwanza na sisi wa mbali zaidi tumesharudi mlimani, ndafu imeliwa, wageni wameaga kwenda kusalimia upande wa pili wa ukoo. Jikoni kumebaki chapati, sinia la pilau, mkate wa juzi, viazi vya kuchemsha na mkungu wa ndizi kisukari ulioiva wote kwa mpigo. Na siku hiyohiyo ndiyo utawaona watoto wetu wa ughaibuni wakielekea dukani kwa Mangi kununuliwa biskuti na krispi za pakiti.

Kwetu ni Kibosho, na mimi naishi Leicester, Uingereza. Naandika nikiwa nyumbani kwa mama, na ninalo jambo moja kwa wenzangu wenye watoto: kabla hujatoa hela ya kitafunwa, angalia kiporo ulicho nacho, kisha hakikisha kuna karanga ndani. Watoto wakila hivyo wanakula chakula cha kwao, na wakikaa jikoni kusaidia wanajifunza kazi ya mikono ambayo hawataipata kwenye pakiti.

Chapati ndizo hubaki kila mara. Chapati ya jana ikianza kukauka naikata pembetatu kwa mkasi, napaka mafuta kidogo, nanyunyiza chumvi na binzari nyembamba, napanga kwenye trei bila kubebanisha, naingiza kwenye oveni ya nyuzi 180 kwa dakika kama kumi. Mama hana oveni. Anatumia kikaango kikavu juu ya moto mdogo wa mkaa na kuzigeuza mpaka zikakamae, na kusema kweli za mkaa zina ladha nzuri zaidi. Cha kuchovyea ni siagi ya karanga vijiko viwili, maji ya moto ya kuilainisha, ndimu, chumvi na pilipili iliyopondwa. Kwa wanaopenda sukari, acha chumvi, nyunyiza mdalasini na sukari wakati zina moto, kisha korosho zilizopondwa juu yake.

Viazi vya kuchemsha na nyama ya ndafu iliyobaki ni katlesi, hakuna haja ya maelezo marefu. Katakata nyama ndogo kabisa, kaanga na kitunguu na giligilani, kamulia ndimu, fungia ndani ya viazi vilivyopondwa, chovya kwenye yai, kaanga. Ndizi kisukari zilizopiga weusi ndizo tamu zaidi: ziponde, weka yai, unga wa ngano wa kushikisha, iliki na karanga zilizosagwa, chota kwa kijiko uangushie kwenye mafuta. Usiweke sukari hata chembe, ndizi inatosha.

Pilau haifai kwa vitumbua kwa sababu ya viungo, lakini inatoa vidonge vizuri sana. Ibonyeze kwa mkono mpaka ishikane, vunja yai moja kwa kila vikombe viwili, finyanga vidonge vidogo, vizungushe kwenye chenga za mkate mkavu ulizochanganya na karanga zilizopondwa, kaanga. Wali mweupe ndio wa vitumbua. Roweka vikombe viwili vya mchele usiku, asubuhi saga pamoja na kikombe kimoja cha wali uliolala, tui zito, hamira, sukari na iliki, acha uumuke. Ule wali uliopikwa ndio unaofanya kitumbua kiwe laini ndani.

Kwenye wali lazima nisimame kidogo. Kuna bakteria anaitwa Bacillus cereus ambaye mbegu zake zinastahimili kuchemka. Wali ukikaa vuguvugu kwa saa nyingi, mbegu zinaamka, zinazaliana na kutoa sumu, na sumu hiyo ikishatoka, kupasha moto hakuiondoi. Uingereza wanashauri wali upoe ndani ya saa moja, uingie kwenye friji, na uliwe ndani ya siku moja. Nyumbani wengi tumezoea kuacha sufuria mezani usiku kucha, au vibaya zaidi, kulaza wali kwenye hotipoti. Hotipoti inatunza lile vuguvugu lenyewe. Nilipomweleza mama akaniambia, "Mwanangu, mbona sisi tumekula kiporo miaka yote?" Nikamjibu, "Ni kweli mama, ila hii haina harufu, huwezi kuijua kwa kunusa." Akafikiri, akachukua sinia kubwa la aluminiamu, akautandaza wali wote upoe haraka. Na kama umeme umekatika tangu jioni, usiulaze kabisa: tengeneza vidonge usiku huohuo watu wale.

Sasa karanga zenyewe. Mimi nanunua soko la Mbuyuni, kwa kisado, na namwomba muuzaji anionyeshe za chini ya gunia, si za juu tu. "Dada, hizi ni za Kongwa, mpya kabisa," aliniambia safari hii. Kongwa hiyohiyo ya Dodoma ambako serikali ya Uingereza ilileta matrekta mwaka 1947 ili ilime karanga kwa maelfu ya ekari, ikashindwa na kuachana na mpango mwaka 1951. Mkulima wa jembe la mkono bado anavuna palepale. Nikiwa Leicester huwa nawasimulia watoto habari hiyo tukiwa tunamenya karanga.

Ukifika nyumbani, kazi ya kwanza ni kuchagua, na hii ndiyo kazi ninayotamani kila mtoto wetu aione ikifanywa. Mama anakaa kwenye kigoda, ungo magotini. Anamimina karanga mkono mmoja tu, anazitandaza mpaka kila moja ionekane, halafu kidole kinapita: nzima inasukumwa kulia, mbaya inaangukia kwenye kopo la bati. Mbaya ni ile iliyokunjamana, iliyobadilika rangi, iliyotobolewa na mdudu, yenye vumbi la kijani au la njano kwenye mpasuko. Akiipasua moja yenye mashaka anaitazama ndani, maana ukungu unaweza kujificha katikati ya zile pande mbili. Hapati shida kumwaga robo ya kisado akiona haifai.

Sababu ni sumukuvu, sumu inayotengenezwa na ukungu kwenye karanga na mahindi yasiyokauka vizuri au yaliyohifadhiwa penye unyevu. Inaharibu ini, na ukiila kidogokidogo kwa miaka inaongeza hatari ya saratani ya ini. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumukuvu. Kukaanga hakuimalizi, kwa hiyo usijidanganye kwamba moto utasafisha. Uking'ata karanga chungu, tema. Na zile mbaya usiwatupie kuku.

Zilizobaki kwenye ungo ndizo tunatengenezea karanga za mayai, kitafunwa ambacho kila aliyesoma shule ya msingi Tanzania amekinunua getini kwenye kijikaratasi. Kwa vikombe viwili vya karanga mbichi unahitaji yai moja, robo kikombe ya sukari, unga wa ngano kama kikombe kimoja, chumvi kidogo na vanila ukipenda. Piga yai na sukari mpaka sukari iyeyuke, mimina kwenye karanga, changanya. Kinachofuata ni unga, na hapa ndipo watu wanaharibu: wanaumwaga wote na kupata donge. Nyunyiza kiganja kimoja, shika bakuli kwa mikono miwili ulitikise kwa mzunguko, karanga zijiviringishe zenyewe. Mwanzoni zinasikika nzito, zimegandana. Kiganja cha pili, tikisa. Cha tatu zinaanza kuachana, na mlio unabadilika, unakuwa mkavu wa kugongana. Ukisikia hivyo acha, unga umetosha. Kaanga kwenye mafuta ya moto wa wastani ukikoroga taratibu, au tandaza kwenye trei, oveni nyuzi 170, geuza mara kwa mara mpaka ziwe na rangi ya dhahabu. Zitoe zikiwa bado na ulaini kidogo, zitakauka zikipoa. Mwanangu mdogo amekuwa fundi wa kutikisa bakuli kuliko mimi, na bibi yake hamruhusu mtu mwingine alishike.

Kashata ni za watu wazima kupika na watoto kukata. Kaanga karanga vikombe viwili bila mafuta, zisugue ziachie maganda, zipepete nje penye upepo, zitwange mara chache tu kwenye kinu ili zivunjike bila kuwa unga. Weka kikombe kimoja cha sukari kwenye sufuria kavu, moto mdogo, usiweke maji. Itayeyuka pembeni kwanza. Ikiwa yote imekuwa ya kahawia, tia iliki na karanga, koroga haraka, mimina kwenye ubao uliopakwa mafuta, sukuma kwa mpini wa chapati, kata ikiwa ya moto. Sukari iliyoyeyuka imepita nyuzi 160, na ikidondokea ngozi inang'ang'ania, kwa hiyo mtoto asisogee jikoni mpaka iwe juu ya ubao.

Kwa watoto chini ya miaka mitano usiwape karanga nzima wala korosho nzima, zinapalia. Wape zilizosagwa.

Najua wenzangu wa Ulaya na Marekani mtaniuliza kuhusu mzio. Shule nyingi za Uingereza zinaomba wazazi wasiwafungie watoto chakula chenye karanga, na mama alipolisikia hilo mara ya kwanza aliuliza kwa mshangao, "Mtoto afe kwa karanga?" Ndiyo mama, wapo, na inatokea ndani ya dakika chache. Na si karanga peke yake: mwaka 2016 binti wa miaka 15, Natasha Ednan-Laperouse, alifariki baada ya kula mkate uliokuwa na ufuta ambao haukuandikwa kwenye karatasi yake. Kutokana na kifo hicho ilitungwa sheria inayoitwa kwa jina lake, na tangu Oktoba 2021 chakula kinachofungwa dukani kabla ya kuuzwa ni lazima kiandikwe viungo vyote. Kwa hiyo dada yangu unayefikiria biashara ya kashata huko, jua kwamba karanga, korosho, ufuta, mayai, maziwa na ngano vyote vimo kwenye orodha ya vitu 14 vinavyotakiwa kuonekana wazi. Mfuko wa shule mimi naufungia chapati za binzari au maandazi ya ndizi yasiyo na karanga. Kashata zinakaa nyumbani.

Lakini mama naye ana la kusema katika hili, na sayansi imemuunga mkono. Watoto wa kwetu wanaanza karanga mapema, zimesagwa ndani ya uji wa lishe. Mwaka 2015 watafiti wa London walitoa matokeo ya watoto wachanga 640 waliokuwa katika hatari kubwa ya mzio: waliopewa chakula chenye karanga tangu uchanga walipata mzio huo pungufu kwa takriban asilimia 80 kuliko waliozuiwa hadi miaka mitano. Kama mtoto wako ana ukurutu mkali au mzio wa yai, mwone daktari kwanza. Wengine, uji wa bibi ni mzuri, ilimradi karanga zimechaguliwa kama nilivyoeleza.

Vifaa vyote hivi huko vinapatikana. Leicester nakwenda maduka ya Belgrave Road, kwa Wahindi waliohamia kutoka Afrika Mashariki, wengi wao waliofukuzwa Uganda na Idi Amin mwaka 1972. Karanga zenye maganda zipo, iliki ipo, hata muhogo upo, na wapo wazee wanaokusalimia kwa Kiswahili safi. Nisichokipata kwa ubora ninaoutaka ni chuma cha vitumbua, na kile cha mama chenye mashimo saba kimeshafungwa kwenye khanga ndani ya sanduku langu.

Wanaoondoka wiki hii: sambusa na katlesi za nyama ziishie uwanja wa ndege wa Kilimanjaro (KIA) mkizila, maana abiria haruhusiwi kuingia Uingereza na nyama ya kutoka huku. Kashata zipoe kabisa kabla ya kuzifungasha, zikiwa na joto zinatoa unyevu na kunata. Panga karatasi kati ya tabaka na tabaka kwenye kopo lenye mfuniko unaobana, liweke katikati ya nguo ili zisivunjike. Na ungo mdogo nao unaingia kwenye sanduku ukiulaza chini kabisa, nunueni.