Maji ya kisima yalinipotezea siku nne

Nilitaka wanafunzi wangu wa kidato cha sita waone kwa hadubini polima mbili, yaani molekuli ndefu kama mnyororo, zenye chaji tofauti zikishikana, maana mishale ya ubaoni wameshaichoka. Jaribio lenyewe ni la zamani. Bungenberg de Jong na Kruyt, Waholanzi, waliliita koasavesheni, yaani polima kujitenga na maji kuwa matone, mwaka 1929. Nilihitaji gundi ya mgunga ya unga, siki na jelatini. Jelatini ya ng'ombe, lakini. Ya nguruwe hapa Tanga nani angeigusa?

Gundi ina chaji hasi. Jelatini ukiitia asidi ikafika pH (kipimo cha uasidi) 4 hivi, hupata chaji chanya, na hapo ndipo huifuata gundi. Nikayeyusha gramu 2 za kila moja kwenye mililita 100 za maji, nikaviweka ndani ya sufuria ya maji ya moto wa nyuzi 40, kwani jelatini ikipoa huganda. Nikachanganya, nikadondosha siki huku nikipima. pH 4 ikafika. Kimya. Mchanganyiko uliopaswa kugeuka mweupe ulibaki angavu vilevile. Nikabadili siki, nikabadili jelatini, nikaanza kumlaani muuzaji.

Siku ya nne mama akanikuta jikoni kwake, Ngamiani.

"Maji ya kisima hayo? Hata sabuni hayatoi povu, mwanangu. Wayafanyia nini?"

Chumvi! Sisi tumeizoea, ulimi hauijui tena. Kila polima huja imezungukwa na ayoni, yaani chembe ndogondogo zenye chaji, na polima zikishikana, ayoni hizo huachiwa zitawanyike majini. Kuachiwa huko ndiko hasa kunakosukuma muungano. Maji yakiwa yamejaa ayoni za chumvi tayari, msukumo haupo.

Nikachukua maji ya mvua kwenye tangi. Safari hii siki ilipoingia, glasi ikageuka tui.

Chini ya hadubini, mara 400, mwanzoni sikuona kitu hadi nilipopunguza mwanga, maana matone yenyewe ni angavu. Yakajitokeza, mviringo kabisa. Mawili yakagusana, yakasita kidogo, kisha yakawa moja. Yangekuwa chembe ngumu yangegandana tu.

Darasani nilidondosha maji ya chumvi pembeni mwa kioo, nikayavuta kwa tishu upande wa pili. Matone yakafifia moja moja hadi yakaisha. Binti mmoja hakutoa jicho kwenye lenzi.

"Mwalimu, hayo si ndiyo maji ya kisima cha kwenu?"