Kilomita Sita za Gari

Jumamosi jioni mvua ilinikuta njiani. Nilikuwa nimekimbia kilomita 4.2, pumzi zimeniishia, na kimoyomoyo nikashukuru kwamba sasa nimepata sababu ya kuacha. Nikampigia mke wangu. Akaja na gari, binti yetu kakaa nyuma, nikaingia nimelowa chapachapa, simu iko mfukoni. Ile programu ya kupima mbio sikuizima. Ningeapa kwamba nilisahau, ila sisi tumekatazwa kuapa. Basi pokeeni hivyo hivyo: nilisahau.

Kufika nyumbani naitoa simu, inasoma kilomita 10.2 kwa dakika 39.

Simu haina habari kama uko kwa miguu au kwa magurudumu. Inachojua, kwa kupokea ishara za satelaiti, ni kwamba dakika ile ulikuwa pale, na sasa uko hapa. Kwa mujibu wake, zile kilomita sita za mwisho nilizila kwa dakika 1 na sekunde 40 kila moja. Eliud Kipchoge, siku ile ya Vienna mwaka 2019 alipomaliza umbali wa maratoni kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40, alikuwa akitumia kama dakika 2 na sekunde 50 kwa kilomita. Kwa hiyo mimi, baba mwenye kitambi kinachoanza kuchungulia, nilimwacha Kipchoge mbali sana, tena kwenye mvua.

Ilikuwa ya kucheka na kufuta. Sikufuta. Nikaituma kwenye kundi letu la wakimbiaji, bila neno lolote, picha tu. Nilijiambia kwamba sijasema uongo kwa sababu sijasema kitu.

Nieleze kidogo kwa nini namba ile ilinilevya. Ukurasa wa mwisho wa daftari langu una malengo manne niliyoandika mwanzoni mwa mwaka. Kumaliza deni. Kujua kupiga kinanda bila kutazama vidole. Kukimbia kilomita 10 bila kusimama kabla sijatimiza miaka 30. La nne ni kuwa baba mwema, na hilo sijui nililiandika nikifikiria nini, maana halina kipimo wala tarehe. Deni linasonga taratibu. Kinanda, tuache. Zilikuwa zimebaki wiki tisa niage ishirini na kitu, na hapo lengo moja likawa linaonekana limetimia lenyewe.

Pongezi zikaanza kumiminika. Nikawa nazisoma kwa sauti pale sebuleni, najifanya nashangaa. Binti yangu ana miaka sita. Alikuwa sakafuni anamvua mwanasesere wake viatu. Hakuinua hata kichwa.

"Lakini baba, si tulikubeba?"

Mama yake akaondoka zake kwenda jikoni. Nilisikia anacheka.

Ningependa kuandika kwamba nilitubu palepale. Ukweli ni kwamba nilimjibu, "Ndiyo mama, lakini kidogo tu." Kisha nikalala, na asubuhi nikaenda kanisani kuimba.

Kwaya yenyewe naimba sauti ya nne. Tuko watatu. Upo wimbo tunaufanyia mazoezi ambao sauti yetu inashuka hadi kwenye nota ambayo mimi siifikii, kwa hiyo nikifika hapo hufungua mdomo vizuri, nakunja uso kama mtu aliyezama kwenye ibada, na hewa tupu inatoka. Nimefanya hivyo miezi miwili. Jumapili hii, baada ya ibada, mwalimu akasema, "Sauti ya nne peke yenu, kuanzia mstari wa pili." Tukaanza kwa nguvu. Tulipofika kwenye ile nota, kimya. Kimya kabisa, vinywa vitatu vimeachama. Kumbe kila mmoja wetu alikuwa akimtegemea mwenzake. Sauti ya kwanza walicheka mpaka mwalimu akaketi.

Nilirudi nyumbani nikiwaza habari mbili.

Ya kwanza ni ya Bach, mtunzi Mjerumani wa muziki wa kanisani. Mzee yule alikuwa na watoto 20, ingawa 10 tu ndio waliofikia utu uzima, na bado alitunga muziki ambao mpaka leo haujaisha kupigwa. (Mimi nina mmoja na nalalamika sina muda wa mazoezi.) Mwishoni mwa kazi zake nyingi aliandika herufi tatu, S.D.G., kifupisho cha maneno ya Kilatini yenye maana kwamba utukufu ni wa Mungu peke yake. Sasa jaribu kuziweka herufi hizo chini ya kilomita 10.2. Nilijaribu, kichwani tu. Haziketi.

Ya pili ni ya Desemba 2012, mbio za nyika huko Burlada, Hispania. Abel Mutai wa Kenya, aliyekuwa ametoka kutwaa shaba kwenye Olimpiki ya London mwaka huohuo, alikuwa anaongoza. Akadhani amekwisha kufika, akapunguza mwendo mita chache kabla ya mstari. Nyuma yake alikuwapo Mhispania Iván Fernández Anaya. Angeweza kumpita. Badala yake alibaki nyuma akawa anamwelekeza aendelee mpaka amalize wa kwanza. Watu husimulia mpaka hapo. Mimi hunasa kwa kocha wa huyo Mhispania, Martín Fiz, bingwa wa dunia wa maratoni mwaka 1995, ambaye alikiri kwamba yeye binafsi asingefanya vile, angeitumia nafasi ile ashinde. Namheshimu sana kwa hilo. Kusema hadharani kwamba wewe si mwema kiasi hicho nako kunataka ujasiri, na mimi wa kuandika "jamani, nilibebwa" kwenye kundi la watu kumi na mmoja nilihitaji siku nzima.

Niliandika saa nne usiku. Nikaifuta ile rekodi, nikaweka 4.2. Mmoja akajibu kwamba na yeye ana kilomita mbili za pikipiki tangu mwezi uliopita. Wengine wamenyamaza, na sijui ni kimya cha namna gani.

Leo asubuhi nilipokuwa nafunga kamba za viatu, binti akaja na vyake mkononi. Twende wote. Tukaenda. Alikimbia kama mita mia mbili na hamsini, akachoka, nikamweka mabegani, tukaendelea mpaka kwenye kona na kurudi. Tulipofika mlangoni simu inasoma kilomita 1.1. Akaitazama, akanitazama.

"Mimi niandikie zangu tu. Zile ulizonibeba ni zako."

Nikachukua daftari.