Siku moja maishani mwangu: mkufunzi wa helikopta pale uwanja wa ndege wa Wilson

Saa 11 alfajiri

Julai Nairobi ni mwezi wa baridi na manyunyu, kwa hiyo nikiamka sikimbilii chai, nakimbilia dirisha. Naishi South C, ghorofa ya nne, na upande wa Lang'ata kuna taa nyekundu juu ya mnara ambayo nimeifanya kipimo changu. Leo haionekani. Taarifa ya hali ya hewa inasema joto ni nyuzi 12, kiwango cha umande (joto ambalo unyevu wa hewa huanza kugeuka ukungu) nyuzi 11, na wingu limelala futi mia chache tu juu ya ardhi.

Mwanafunzi wa kwanza ameshaandika: "Kapteni, tunaruka?" Amesafiri na basi la usiku kutoka Kitale. Ujumbe kama huu nauogopa kuliko injini kuzima, kwa sababu unakuja na huruma. Unajua kijana amekopa pesa, unajua saa zake za kuruka hazisogei, basi unaanza kujiambia wingu litapanda mkiwa njiani. Helikopta ndogo ya kufundishia haikutengenezwa kwa ajili ya kupita ndani ya wingu. Haitulii yenyewe kama ndege ya mabawa, na rubani asipoona ardhi wala upeo, muda si mrefu hajui tena juu ni wapi.

Namjibu: "Njoo tunywe chai kwanza."

Saa 12 na nusu

Nafika hanga, fundi wetu kanitangulia kama kawaida. Ni mzee wa Mombasa, ameshika funguo za spana tangu nikiwa shule ya msingi. Helikopta yetu ni Robinson R44 ya viti vinne, ile ya kabureta. Ndugu yake mdogo kwa umbo, R22 ya viti viwili, amefundisha marubani wengi duniani tangu alipopata cheti Marekani mwaka 1979. Lakini Wilson iko zaidi ya futi 5,500 juu ya bahari, na ukipakia watu wawili waliolelewa kwa ugali, R22 hupumua kwa shida.

Tunamwaga petroli kidogo kutoka kila tangi kwenye kichupa na kuiangalia kwenye mwanga. Inatakiwa iwe ya buluu, bila povu la maji chini. Kisha mikanda, bolti moja moja, mafuta ya giaboksi, mapanga nayapapasa kwa kiganja. Watu wakisikia helikopta imeanguka huuliza nini kilikatika. Kukatika kupo, na ndiyo maana mashine hii hufunguliwa yote na kujengwa upya kila saa 2,200 za kuruka au miaka 12. Ila mzee ana usemi wake: "Mwanangu, chuma hiki kina subira kuliko nyinyi mnaokipanda."

Saa 2 asubuhi

Wingu bado. Kijana wa Kitale kafika na koti lililolowa. Namweka kwenye mzani (huwa hawapendi, lakini kilo za kukadiria kwa macho sizitaki), kisha tunakaa mezani na somo ambalo siwezi kulifundishia hewani hata mbingu iwe nyeupe.

Nachukua ndoo ndogo na kamba. Rota ya R44 ina mapanga mawili yaliyofungwa pamoja, yanacheza juu ya mlingoti kama pembea ya watoto. Mwili wa helikopta unaning'inia chini yake kama ndoo kwenye kamba. Kamba ikikaza, ukielekeza juu, ndoo inafuata. Sasa umeipandisha, halafu ghafla ukasukuma pua chini. Tumbo linakuja kooni, kalamu inaelea, ndoo imepoteza uzito na kamba imelegea. Rota ya mkia bado inasukuma, kwa hiyo mwili unalalia kulia wenyewe. Utafanya nini?

"Nalaza usukani kushoto."

Kila mtu hujibu hivyo, na hivyo ndivyo watu walivyokufa. Mapanga yanatii usukani, mwili hautii, kitovu cha rota kinagonga mlingoti, na baada ya hapo hakuna la kufanya. Dawa yake ni kurudisha usukani nyuma polepole hadi uzito urudi, ndipo urekebishe mlalo. Mwaka 1995 mamlaka ya anga ya Marekani iliweka masharti maalumu ya mafunzo kwa R22 na R44 kwa sababu ya ajali za namna hii, na kitabu cha mashine kinakataza kusukuma pua hivyo hata kwa maonyesho. Ndiyo maana nabaki na ndoo.

Saa 4

Milima ya Ngong imejitokeza. Tunaondoka, tunapita juu ya ukingo wa mbuga ya Nairobi, tunaelekea kusini kwenye kiwanja cha nyasi upande wa Kajiado. Njiani namuuliza geji ya kabureta inasema nini. Iko kwenye utepe wa njano. Hewa mbichi ya Julai ikipita kwenye koo la kabureta inapoa sana, na unyevu unaganda humo kuwa barafu, hata kama nje ni nyuzi 14. Halafu kuna gavana. Si yule wa kaunti. Huyu ni kama gavana wa matatu, ila yeye analinda mzunguko wa injini usishuke wala usipande. Barafu ikianza kuziba, gavana anafungua mafuta zaidi kimyakimya, na wewe huoni dalili mpaka hana tena cha kufungua. Vuta joto la kabureta (wenzo unaoiletea hewa ya moto) mapema, namwambia, na ukipunguza nguvu chini ya inchi 18 kwenye geji ya shinikizo la injini, usiitazame geji ya kabureta, vuta joto lote.

Kufika kiwanjani, kazi ni kuelea. Ukiona helikopta imetulia futi 5 juu ya nyasi utadhani imepumzika, kumbe hapo ndipo inapokula nguvu nyingi. Jua limeanza kutoka, joto limefika nyuzi 20, na kwa mapanga hewa hii ni nyepesi kama ya futi 7,000. Kijana anakuja kutua kiwanjani, upepo kidogo uko mgongoni mwake, hajaugundua. Mashine inaanza kuzama. Anavuta kolektivu, wenzo wa mkono wa kushoto unaoyapa mapanga yote mawili pembe zaidi. Gavana anafungua mafuta mpaka mwisho. Kijana anavuta tena, ila sasa injini haina cha kuongeza, kwa hiyo mapanga yanalipa kwa mwendo wao wenyewe. Asilimia 100. 98. Kwenye 97 honi inalia na taa inawaka.

Akasikia honi, akaona nyasi zinakuja, akavuta zaidi.

Simlaumu. Ardhi ikikukimbilia, mwili wote unakwambia vuta juu. Lakini mapanga yakipungua mwendo yanashindwa kuubeba mzigo, na kila ukivuta yanapungua zaidi. Tunakariri kanuni moja: rota hizi hufa kabisa kwenye asilimia 80, ongeza 1 kwa kila futi 1,000 za mwinuko. Pwani una nafasi kubwa kati ya honi na mauti. Huku kwetu, kwenye futi 7,000, mpaka ni 87. Kumi tu kutoka kwenye honi, na kumi hizo huisha haraka kuliko kutamka jina lako.

Kiganja changu kilikuwa juu ya kolektivu ya upande wangu. Nikaishusha huku nikizungusha kishikio cha mafuta. Tukakaa kwenye nyasi kwa kishindo cha staha. Kimya. Kisha: "Mwalimu, nilidhani ndiyo imeharibika."

Tulirudia mara sita. Ya sita alishusha mwenyewe.

Baadaye tukafanya kutua kwenye mteremko, na hapo siongei sana. Miaka michache iliyopita, katika chuo kingine, nilikuwa na mwanafunzi hodari mno. Tulikuwa tumekaa kwenye udongo mweusi wa tambarare hizi, ule unaonata kama uji ukinyeshewa. Alipoinua, skidi ya kulia, mguu wa bomba tunaotulia juu yake, ikabaki imeshikwa. Mashine ikaanza kuinama. Nikaona, nikajiambia: mwache, atairekebisha, ndivyo watu wanavyojifunza. Akalaza usukani kushoto na kuendelea kuvuta. Skidi iliyonaswa inageuka bawaba ya mlango. Ukishavuka nyuzi chache za mlalo, usukani haurudishi kitu, na kadiri unavyovuta ndivyo unavyojipindua. Niliishusha kolektivu nikiwa nimechelewa kiasi cha kupepesa jicho. Tuliangukia skidi, chuma kikapinda, mapanga yalikosa ardhi kidogo sana. Kwenye ripoti waliandika kosa la mwanafunzi katika kuinua. Kosa lilikuwa langu. Yeye alifanya anachofanya mwanafunzi. Mimi nililipwa nisiwe na imani kiasi kile.

Saa 7

Chai, chapati mbili, ndengu. Mwewe wa Wilson wanazunguka juu ya paa wakisubiri mabaki. Wao ni tatizo jingine.

Saa 8 na nusu

Mwanafunzi wa mchana ni rubani wa Cessna Caravan mwenye maelfu ya saa. Anaongea na mnara kwa utulivu kuliko mimi, anasoma hewa kama mvuvi. Ndiye ninayemwogopa zaidi. Kwenye ndege ya mabawa, honi ikilia maana yake bawa linakaribia kushindwa, na mkono wenye uzoefu husukuma pua chini bila kuomba ruhusa. Humu, honi inataka mkono wa kushoto ushuke, na kusukuma pua ndiko kunakoleta ile hadithi ya ndoo. Miaka yake yote ya kuokoka ndiyo inayoweza kumwangusha, na hakuna njia ya kumwambia bila kumkera. Nilimwambia. Alikereka.

Leo tunashuka bila nguvu ya injini, hewa inayopanda ikizungusha mapanga, kama mbegu yenye bawa inayoanguka ikizunguka. Injini ya kweli huzima mara chache sana. Kinachovunja helikopta ni mazoezi ya kuzima. Mtengenezaji ameonya kuhusu hilo: kabla ya futi 100 kutoka ardhini kila kitu kiwe sawa, mwendo, mzunguko, kasi ya kushuka, la sivyo ongeza nguvu uondoke. Hewa ikiwa nyepesi kuliko ile ya futi 4,000, uamuzi huo uwe futi 200 au juu zaidi. Na mazoezi yasizidi 3 au 4 mfululizo, kwa sababu ajali nyingi huja baada ya kurudia sana.

La kwanza zuri. La pili zuri zaidi. La tatu, kwenye futi 200, mwendo umepotea na mapanga yanapungua. Nikasema "nguvu", tukaondoka. Akataka la nne, kisha la tano ili amalizie na zuri. Nilikataa la tano. Nilimwambia ni kwa ajili ya mafuta. Ukweli ni kwamba mikono yangu ilikuwa imeanza kumwamini.

Kurudi, tunavuka njia kubwa ya umeme karibu na Kitengela. Waya huuoni mpaka umeufikia, kwa hiyo tunatafuta nguzo, tunapita juu ya nguzo yenyewe.

Saa 11 jioni

Makaratasi. Kila safari ina mstari wake kwenye daftari, na mistari hiyo haina mahali pa kuandika honi.

Saa 2 usiku

Nimekunja miguu kwenye kochi, simu inalia. Kijana wa Kitale.

"Mwalimu, ulijua nitavuta?"

"Nilijua."

"Sasa mbona hukushika mapema?"

Naandika maelezo marefu, nafuta. Naandika tena mafupi.

"Nilikuwa nimeshika tangu tulipoanza kushuka. Lala. Kesho saa 2, wingu likiruhusu."