Kuwa Radhi: Epictetus na Mtume Paulo

Wapendwa katika Bwana,

Katika mji wa Hierapoli, ambao Mtume Paulo anautaja katika Wakolosai 4:13 anapoishuhudia juhudi ya Epafra, alizaliwa yapata mwaka 50 baada ya Kristo mtumwa anayejulikana kwa jina la Epictetus, neno ambalo kwa Kiyunani humaanisha kilichopatikana, kama mtu anavyopata mali. Alitumika Roma, akiwa kiwete, chini ya bwana aliyeitwa Epafrodito (si yule wa Wafilipi), na alipokwisha kuachwa huru akafundisha mafundisho ya Wastoiko, yaani wanafalsafa wa Kiyunani waliohimiza utulivu wa moyo, hata Kaisari Domitian alipowafukuza wanafalsafa naye akahamia Nikopoli, jina tunalolisoma pia katika Tito 3:12.

Mtu wa namna hiyo akizungumzia furaha, mimi humsikiliza. Alifundisha kwamba yako mambo yaliyo katika uwezo wetu, kama vile tamaa zetu na jinsi tunavyoyapima mambo moyoni, na yako yasiyo katika uwezo wetu, yaani mwili, mali, sifa na cheo. Naye anayeifunga furaha yake kwenye haya ya pili amejitia utumwani, hata kama amezaliwa muungwana.

Mtu asiyehitaji kitu cha nje ili atulie, Wayunani walimwita autarkes, na neno hilo ndilo alilolitumia Paulo akiwa kifungoni: “nimejifunza kuwa radhi na hali yo yote niliyo nayo” (Wafilipi 4:11). Lakini katika mstari wa 13 analitaja chimbuko la utulivu huo, nalo si nguvu za moyo wake mwenyewe: “Nayaweza mambo yote katika yeye anitiaye nguvu.”

Liko fundisho moja la Epictetus ambalo hunisumbua kila nilisomapo. Anashauri kwamba ukimbusu mwanao, ujikumbushe kuwa unambusu mwanadamu wa kufa, ili akifa usifadhaike. Sithubutu kumhukumu, kwa maana mtumwa huona mengi yakichukuliwa mikononi mwake. Hata hivyo Bwana wetu, aliyejua kwamba Lazaro angetoka kaburini muda mfupi baadaye, hakujikinga na uchungu wa Martha na Mariamu: “Yesu akalia machozi” (Yohana 11:35).

Juma hili naomba tuisome Wafilipi 4 yote, na tukifika mstari wa 14 tusiupite haraka, kwa kuwa hapo Paulo, huyo huyo aliye radhi na hali yoyote, anawaambia Wafilipi kwamba walifanya vema kushiriki naye katika dhiki yake.