Nilivyomchomea Bibi DVD za sendofu mpaka deki yake ikazikubali

Bibi yangu anatumia simu ya kitochi. Sendofu ya mdogo wangu ilipofanyika Tanga mjini mwezi Desemba, yeye alibaki Lushoto kwa sababu ya goti, na aliloomba ni moja tu: "Mniletee niwaone." Sebuleni kwake kuna TV ya chogo na deki ya DVD aliyoacha marehemu Babu. Anaviwasha mwenyewe, na akimaliza anavifunika kitambaa. Deki yenyewe haina tundu la flashi. Ilibidi iwe DVD.

Diski ya kwanza niliichoma harakaharaka. Mpiga video alikuwa amenipa faili moja la MP4 lenye saa 3 na dakika 10, GB 11. Nikalipunguza hadi likafika GB 4, nikaweka diski tupu kwenye raita, kile kifaa cha kuchomea diski, Windows ikaniuliza kama nataka kuitumia diski kama flashi au kwenye mashine ya CD na DVD. Nikaacha lile chaguo la kwanza, nikalivuta faili, likaingia. Kwenye laptopu yangu ikacheza bila shida, basi nikampa mjomba aliyekuwa anapandisha Lushoto. Jioni akanipigia: deki imeandika NO DISC, na majirani walishakaribishwa, chai imeshamiminwa. Bibi akachukua simu. "Usihangaike mjukuu wangu, goti likipoa nitashuka niwaone." Maneno yale yalinikaa moyoni wiki nzima.

Nilikuwa nimekosea mara mbili kwa mpigo. Ukichagua "kama flashi", diski inapangwa kwa mtindo unaoeleweka na kompyuta, lakini deki za zamani haziuelewi. Na hata ningechagua lile la pili, deki ya umri ule haifungui MP4. Inataka DVD ya video yenyewe: picha za MPEG-2, aina ya video ya DVD, zenye vipimo 720 kwa 576, fremu (picha moja moja) 25 kwa sekunde kwa mfumo wa TV wa PAL tunaoutumia huku, sauti ya kHz 48, na vyote vikae ndani ya folda inayoitwa VIDEO_TS. Fungua DVD yoyote ya filamu kwenye kompyuta utaiona folda hiyo, na ndani yake mafaili ya VOB yaliyokatwakatwa, hakuna linalozidi GB 1. Kuvuta faili na kulidondosha kwenye diski hakukupi hayo. Lazima kuwe na programu ya kukutengenezea. Mimi nilitumia DVDStyler kutengeneza na ImgBurn kuchoma, zote mbili za bure.

Hapo nikalazimika kupiga hesabu. Diski iliyoandikwa GB 4.7, Windows inaionyesha kama 4.37, na hakuna aliyekuibia: kiwandani wanahesabu kwa 1,000, Windows inahesabu kwa 1,024. Saa 3 na dakika 10 zikiingizwa kwenye diski moja, kila sekunde inabaki na megabiti kama 3.3 kwa picha na sauti pamoja. Nilijaribu kuangalia matokeo yake kabla ya kuchoma. Watu wakiwa wamekaa, picha inavumilika. Wakianza kucheza na taa za ukumbi zikamulika, nyuso zinageuka vibokisi vibokisi. Bibi macho yake si ya ujana. Nikakata video sehemu mbili za dakika 95: ya kwanza kutoka kuingia kwa bibi harusi mtarajiwa hadi keki, ya pili zawadi na nasaha. Picha nikaipa megabiti 6 kwa sekunde, sauti kilobiti 192, kila sehemu ikatoka na GB 4.4 kwa hesabu ile ya kiwandani. Inaingia, na nafasi kidogo inabaki pembeni, jambo ambalo baadaye nililishukuru.

Kulikuwa pia na kipande cha matarumbeta alichopiga binamu yangu kwa simu. Kilipoingia kwenye DVD, tarumbeta likawa linasikika baada ya mpigaji kulishusha mdomoni. Simu nyingi hazirekodi fremu kwa mwendo mmoja, zinapunguza na kuongeza kadiri ya mwanga. Nilikipitisha kwenye HandBrake, programu ya kubadilisha video, nikachagua fremu 25 zisizobadilika, ndipo nikakirudisha mahali pake. Kikakaa sawa.

Sasa kuchoma. Laptopu yangu haina raita ndani, nina ile ya nje, nyembamba, ya kuchomeka kwa waya wa USB. Nilinunua diski 50 kwenye kopo la plastiki. Nikaweka ya kwanza, nikabonyeza, raita ikazunguka, ikapunguza, ikazunguka tena, halafu kwenye asilimia sifuri ukaja ujumbe: Power Calibration Area Error. Diski ya pili, hivyohivyo. Ya tatu, hivyohivyo. Nilikuwa karibu kulirudisha kopo zima dukani.

Kilichonizuia ni kuigeuza diski chini ya taa. Diski iliyochomwa huonyesha rangi mbili upande wa chini: kuanzia karibu na tundu kuna duara lenye kivuli tofauti, kwa kuwa leza huandika kutoka ndani kwenda nje, na pale lilipoishia ndipo palipobaki patupu. Diski zangu tatu zilikuwa na rangi moja tu kama zilivyotoka koponi. Maana yake hakuna kilichoandikwa hata kidogo. Nikasoma kuhusu ule ujumbe nikaelewa: kabla ya kuandika, raita hujaribu nguvu ya leza kwenye ukanda mwembamba wa ndani kabisa, ipime diski hii inahitaji moto kiasi gani. Jaribio likishindikana, kazi haianzi. Sababu zinaweza kuwa diski mbovu, leza iliyochoka au yenye vumbi, au umeme usiotosha. Nikajiwekea sharti la kubadilisha kitu kimoja tu kila mara.

Nikaanza na raita. Ofisini kwetu kuna kompyuta ya mezani yenye raita ndani, nikataka kubeba ile kazi kwenye flashi. Flashi ikakataa faili, eti ni kubwa mno, wakati ina GB 16 na haina kitu. Ilikuwa imefomatiwa kwa FAT32, mpangilio wa zamani wa kuhifadhi mafaili, ambao haupokei faili moja linalofika GB 4. Nikaifomati kwa exFAT, faili likaingia. Diski zilezile tatu, zilizokataliwa nyumbani, ofisini zikachomeka zote. Basi diski ni nzima. Tatizo liko mezani kwangu.

Nikarudi nyumbani nikaitazama raita upya. Waya wake una vichwa viwili vya USB: kimoja kinene, kingine chembamba kilichofungwa na kamba ya plastiki tangu siku niliyoinunua. Nilidhani ni cha akiba. Sicho. Tundu la kawaida la USB 2.0 limepangiwa kutoa miliampea 500, na raita inapozungusha mota na kuwasha leza ya kuchoma inaweza kuhitaji zaidi ya hapo. Kusoma diski hakuhitaji nguvu hiyo, ndiyo maana siku zote ilisoma CD zangu bila kulalamika. Nikaikata ile kamba, nikachomeka vichwa vyote viwili moja kwa moja kwenye laptopu, bila kile kigawanyio cha USB nilichokuwa nakitumia. Asilimia sifuri ikawa moja, ikawa mbili. Nilikaa palepale nikizitazama hadi kumi.

Ikafika 71 ikasimama. Write Error. Safari hii diski ilikuwa na duara pana, na limekomea karibu na ukingo. Hilo ni kosa la aina nyingine kabisa, na watu huyaita yote "diski mbovu" kisha wanatupa. Nilikuwa nimeacha kasi ya juu, 8x, yaani mara nane ya kasi ya msingi ya DVD, na raita nyembamba hufikia kasi hiyo kule ukingoni, ambako ndiko diski nyingi zina udhaifu. Nikashusha hadi 4x. Diski ya GB 4.4 ikachukua kama robo saa, ikamaliza. Mtu akikwambia ushuke hadi kasi ya chini kabisa, usimfuate bila kujaribu. Diski zilizotengenezwa kwa 16x nyingine hazichomeki vizuri kwa mwendo wa konokono. Ile nafasi niliyoibakiza pembeni nayo ilisaidia, leza haikulazimika kufika mwisho kabisa wa ukingo.

Pia nilizuia laptopu isilale, maana diski moja iliniharibikia nilipokwenda jikoni. Na tiki ya Verify kwenye ImgBurn niliiacha, ingawa inaongeza dakika. Inasoma diski yote tena na kulinganisha na faili. Katika diski nane nilizochoma kwa 4x, mbili zilisema zimemaliza kuchoma lakini Verify ikazikataa. Bila hiyo tiki zingepanda basi kwenda Lushoto.

Kabla ya safari nikaenda kwa fundi wa TV mtaani kwetu, mzee mwenye deki tatu kuukuu dirishani.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Umechoma kwenye diski gani, ya kistari au ya kujumlisha?"

Nikamwonyesha: DVD-R.

"Ya kistari. Vizuri. Hizi ndizo deki za zamani zilizozizoea." DVD-R ndiyo iliyotangulia, 1997, na DVD+R ikafuata 2002, ndiyo maana deki kongwe nyingi huielewa zaidi ile ya kwanza. Akaziweka moja moja kwenye deki zote tatu, zikacheza. Akaniambia nisibandike karatasi ya jina juu yake, kwani diski ikizunguka na karatasi isiyokaa sawa inayumba, na gundi ikipata joto karatasi inaweza kubanduka ndani ya deki. Niliandika kwa kalamu ya maka, karibu na tundu: 1 KEKI, 2 ZAWADI.

Nilipanda mwenyewe. Kona za kutoka Mombo nilizipita nikiwa nimepakata diski kwenye kanga, nakala mbili za kila moja, mbali na dirisha la jua. Bibi alikuwa ameshaondoa kitambaa kwenye deki. Aliiweka mwenyewe, akasukuma kidroo taratibu kwa kidole, akasogeza kiti. Deki ikakoroma kidogo, kioo kikawa cheusi, halafu akaingia mdogo wangu na gauni lake, matarumbeta mbele, sauti na midomo pamoja.

"Rudisha," alisema Bibi. "Nimeona kama shangazi yako analia."

Nikarudisha. Tuliirudisha sehemu ile mara nne. Keki ilipokatwa na kioo kikatulia, akanyoosha mkono bila kunitazama. "Haya, nipe ile ya zawadi."