Ile Bandeji ya Akhwari

Jumapili usiku. Watoto wamelala, mvua imekatika, na mguu wangu wa kulia umepandishwa juu ya mito miwili kama bibi harusi.

Leo nimetoka mlangoni hadi kwenye bomba la maji bila magongo. Hatua 31. Nimezihesabu kwa sababu siwezi kuacha kuhesabu, ni ugonjwa nilioutoa uwanjani. Kwa wasionijua enzi hizo: nilikuwa nakimbia mita 3000 kwenye UMISSETA, yale mashindano ya shule za sekondari, raundi saba na nusu, kwenye uwanja wa majani ambao mistari yake ilichorwa kwa majivu alfajiri ya siku ya mashindano. Ikifika raundi ya tano mistari imeshafutwa na miguu ya watu, unakimbia kwa mazoea tu, na kichomi kimekubana chini ya mbavu kama mtu anakushona bila ganzi. Mwalimu wetu wa michezo alikuwa na dawa moja ya kichomi. Alisimama konani na kupaza sauti, "Usiulize zimebaki ngapi! Ifuate nguzo!" Maana yake nguzo ya goli iliyo mbele yako. Ukiifikia hiyo, unatafuta ya upande wa pili.

Basi leo nguzo yangu ilikuwa ndoo ya jirani, halafu kamba ya kuanikia nguo, halafu bomba. Kwa hilo mwalimu namshukuru kila siku. Lakini kuna somo jingine nililitoa uwanja ule ule, na hilo ndilo limeniweka hapa kitandani.

Mwishoni mwa Novemba nilikuwa natoka kuchukua vitambaa vya sare za shule. Nimepanda bodaboda, marobota mapajani. Bajaji ikakata ghafla mbele yetu, kijana akashika breki, tukalala wote na pikipiki yetu. Nilikuwa wa kwanza kusimama. Nikajipangusa vumbi, nikaokota vitambaa, nikamwambia yule kijana aliyekuwa anatetemeka, "Niko sawa, mwanangu, angalia pikipiki yako." Watu wakanisifu. Mama wa mchicha akasema huyu mama ana roho ngumu. Nikaondoka nachechemea kidogo, najisikia vizuri kabisa moyoni.

Nikaenda kibandani, nikashona. Cherehani yangu ni ya kukanyaga, na mguu wa kazi ni wa kulia. Siku mbili nzima nilikanyaga pedeli kwa kifundo kilichokuwa na ufa. Binti anayejifunza kwangu aliona kiatu hakiingii, akaniambia, "Shangazi, huo mguu si wa kushonea." Nikamtuma akatafute vifungo vyeupe. Siku ya tatu sikuweza kushuka kitandani. Hospitali wakapiga picha, daktari akaishika juu ya taa akaitazama muda mrefu, kisha akaniambia taratibu tu, bila hasira, kwamba ningefika siku ile ile ningefungwa piopii, ile plasta ngumu, na kurudi nyumbani. Sasa mfupa ulikuwa umeshahama. Nikafanyiwa upasuaji, wakaweka chuma na skrubu.

Fundi wa sare akikosa Desemba na Januari amekosa mavuno. Oda nilizokuwa nimeshazipokea nilizigawa kwa mafundi wenzangu, na malipo ya awali yakaenda nazo.

Nimekuwa na wiki nyingi za kulala chali na kujiuliza: nani alinifundisha kusema niko sawa? Jibu silipendi. Nilikuwa kidato cha tatu, mashindano ya mkoa. Muundi wa kushoto ulikuwa unaniuma wiki mbili, kila nikikanyaga ni kama msumari. Sikumwambia mtu. Nilivaa soksi ndefu ili uvimbe usionekane, nikakimbia, nikawa wa pili, na nikaanguka baada ya kamba. Mwalimu alipogundua aliniinua mbele ya wote akasema, "Huyu ndiye mwanamichezo!" Wakapiga makofi. Ngazi ya taifa niliitazama kutoka kwenye benchi, na mbio zangu ziliishia pale. Ila makofi yale yalibaki masikioni kuliko lile benchi. Nadhani nimeishi miaka ishirini na zaidi nikiyatafuta: kwenye ndoa, kwenye madeni, kwenye uzazi wa pili nilipochelewa kusema kwamba nasikia vibaya.

Tangu nivunjike, kila anayenitakia heri ananitumia ile video ya mzee John Stephen Akhwari. Hata kikundi cha kwaya wameituma mara tatu. Kila Mtanzania anaijua: marathoni ya Olimpiki, Mexico City, tarehe 20 Oktoba 1968, mji ulio zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari. Mwana wa Mbulu anaanguka njiani, goti linateguka, bega linaumia. Mamo Wolde wa Ethiopia anamaliza kwa saa 2:20:26. Akhwari anaingia uwanjani zaidi ya saa nzima baadaye, giza limeshashuka, watu wengi wameshaondoka. Saa 3:25:27, wa 57 kati ya 57 waliomaliza. Na lile jibu lake maarufu, kwamba nchi haikumtuma mbali vile akaanze tu mbio.

Nimeitazama usiku mwingi sasa, na ninachokitazama ni ile bandeji. Imefungwa mguuni, inaning'inia, inapigapiga kila anaporuka hatua. Sisi tunaisimulia hadithi kana kwamba aliinuka na kukimbia tu, roho ngumu, habari imeisha. Lakini bandeji haijifungi yenyewe. Maana yake kuna mahali yule mzee alisimama, akauonyesha mguu wake, akaacha watu waushike, huku wenzake wanampita mmoja mmoja. Halafu ndipo akaendelea. Miaka miwili baadaye, 1970, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola kule Edinburgh, alikuwa wa tano katika marathoni kwa saa 2:15:05. Hiyo haitumwi kwenye kwaya.

Na kuna mwingine katika mbio zile zile ambaye hatumkumbuki siku hiyo. Abebe Bikila wa Ethiopia alikuwa ameshashinda marathoni ya Olimpiki mara mbili, Roma 1960 pekupeku na Tokyo 1964. Mexico alianza na mguu mbovu, akafika kama kilomita 17, akatoka. Akatoka tu. Mwaka uliofuata gari lake likapinduka na hakutembea tena. Mwaka 1970 alikuwa Uingereza, kwenye michezo ya walemavu ya Stoke Mandeville, amekaa kwenye kiti cha magurudumu na upinde mkononi, anashindana kurusha mishale. Alifariki 1973 akiwa na miaka 41, ndio umri wangu huu. Ningependa kumuuliza ni kipi kilikuwa kigumu zaidi kujifunza, kukimbia au kutoka barabarani mbele ya macho ya dunia.

Mume wangu yeye ni mtu wa Filbert Bayi. Ukimgusa tu anaanza: Christchurch, Februari 1974, mita 1500, Bayi anatoka mbele tangu mlio wa bastola, John Walker anamfukuza hadi mwisho hampati, rekodi ya dunia, 3:32.16. Kisha 1976 Tanzania inasusia Olimpiki ya Montreal na mwanaume aliye katika ubora wake anabaki nyumbani. "Alilia?" nilimuuliza mume wangu juzi. Akasema hajui, ila anajua kwamba Moscow 1980 alirudi na mbio nyingine kabisa, mita 3000 za kuruka viunzi na maji, akaondoka na medali ya fedha. Baadaye akajenga shule. Hapo mume wangu akanitazama akamaliza, "Mke wangu, nawe jifunze cherehani ya umeme." Sikumjibu, lakini aliyoyasema nimeyasikia.

Niandike na hili kabla simu haijazima. Kaka wa fizio, anayenifanyisha mazoezi ya mguu, ananiuliza kila nikienda, "Dada, maumivu ni ngapi kati ya kumi?" Wiki ya kwanza nilisema mbili. Jasho linanitiririka mgongoni, nimeshika vyuma viwili kama mlevi anavyoshika ukuta, nasema mbili. Wiki ya pili, mbili. Akaacha kuandika, akafunga kalamu. "Dada, ukinipa namba ya uongo na mimi nitakupa zoezi la uongo, halafu tutaonana hapa mpaka Pasaka."

Nilicheka, nikasema basi andika tatu. Hata hiyo haikuwa kweli.

Jana binti alinibebea kigoda hadi kibandani. Nikajaribu pedeli kwa mguu wa kushoto, mshono ukaenda kombo kama njia ya mbuzi, tukaufumua wote wawili bila kusema neno. Nikajaribu wa kulia. Nilikanyaga mara nne. Akaniuliza, "Inauma, shangazi?" Mdomo ulishafunguka kusema niko sawa. Nikamwambia inauma, hapa pembeni, kama msumari. Akavuta kigoda chake, akakaa kwenye cherehani, akaanza kushona, na mimi nikabaki kumshikia kitambaa.

Kesho saa tatu ni fizio. Nimeshaandika namba kwa kalamu kwenye kiganja nisije nikaibadilisha njiani. Sita.